Bi Harusi Mtarajiwa, Uliza Habari za Wajomba Waliokufa Wachanga



Wanaonijua wanajua mimi ni fundi cherehani. Nimezaliwa Unguja, nikasoma mpaka kidato cha nne, nikaenda kozi ya ushonaji, kisha ndoa ikanileta huku Rwamgasa, mkoani Geita, kwenye machimbo ya dhahabu. Nauza kanga na vitenge, nashona mabuibui, na msimu wa harusi ukifika nashona magauni ya mabibi harusi. Wateja wangu wengi ni wake wa wachimbaji, na wengine ni wanawake wanaoosha mchanga wenyewe kule mwaloni. Mwanamke akisimama mbele yako umpime kifua na kiuno, mdomo nao hufunguka. Fundi husikia mengi ambayo hata somo hayasikii.

Leo nataka kusema jambo nililolisikia dukani kwangu. Mwenyewe amenipa ruhusa, ila jina lake silitaji.

Ni Muislamu mwenzetu, kwao Ujiji. Mtoto wake wa kwanza alikuwa wa kiume. Miezi sita ya mwanzo mtoto alinawiri, kila mtu akimbeba anasema mashaallah. Baada ya hapo ikawa safari za hospitali. Masikio yanatoa usaha, kifua kinabana, nimonia, wanalazwa, wanatoka, wiki tatu hazijapita wamerudi tena. Akafariki kabla hajatimiza mwaka na nusu. Mtoto wa pili alikuwa wa kike, yuko mzima wa afya, sasa anasoma madrasa. Wa tatu mvulana, na mambo yakawa yaleyale mpaka kaburini.

Walipima Ukimwi, mama, baba na watoto, zaidi ya mara moja. Hawana. Na hapo ndipo maneno yalipoanza. Wifi akasema ana jini mahaba asiyetaka watoto wa kiume. Mama mkwe akasema ameingia na mkosi wa kwao. Mume akachukua pesa ya dhahabu aliyoitolea jasho duarani akaimalizia kwa mganga. Mwisho akaoa mke mwingine, na huyu akabaki na binti yake na makaburi mawili.

Mtoto wa nne alipozaliwa, mvulana tena, na masikio yakaanza tena, Mwenyezi Mungu akamkutanisha na daktari kijana katika hospitali moja kubwa. Daktari huyo hakuanza na dawa. Alianza na swali: "Mama, upande wa kwenu, kwa mama yako, kuna wavulana waliokufa wakiwa wadogo?"

Akapiga simu Ujiji. Mama yake akanyamaza kidogo, kisha akasema ndiyo, alikuwa na kaka zake wawili, hawakudumu. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuwataja.

Dada zangu, swali lile moja lilifanya kazi kuliko mbuzi wote waliochinjwa kwa mganga. Daktari alimtazama mtoto kooni akakuta mafindofindo ni madogo mno. Akapima damu, kingamwili zikaonekana karibu hazipo. Kisha sampuli ya damu ikapelekwa nje ya nchi kusomwa vinasaba. Majibu yalichukua miezi. Yaliporudi, yalisema mtoto ana kasoro kwenye jeni moja inayosaidia mwili kutengeneza kingamwili, na kwamba kasoro hiyo ameipata kwa mama yake.

Kinasaba ni kama paterni ya nguo

Niliposikia habari hii sikuelewa kitu. Neno vinasaba kwetu tumezoea kulisikia kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, watu wanapogombania mtoto ni wa nani. Ikabidi niulize na kusoma mpaka nikaelewa kwa lugha yangu ya ufundi, na hivyo ndivyo nitakavyowaeleza.

Karibu kila chembe ya mwili wako imebeba paterni, ile karatasi tunayokatia nguo. Paterni hiyo imeandikwa kwa herufi kama bilioni 3, na ndani yake kuna maelekezo kama 20,000 yanayoitwa jeni. Jeni moja inachangia rangi ya jicho, nyingine inaeleza chembe ya damu iweje, nyingine inaeleza askari wa mwili watengenezwe vipi ili wapambane na maradhi. Karibu kila elekezo unalo nakala mbili, moja umepewa na baba, moja umepewa na mama. Ikiwa nakala moja ina kosa, mara nyingi fundi hutumia ile nyingine, na nguo inatoka sawa. Wewe mwenye nakala mbovu moja unaishi mpaka uzeeni hujui.

Tatizo huweza kuja kwa njia kadhaa, nami nitaeleza tatu. Njia ya kwanza, baba na mama wote wawili wamebeba nakala mbovu ya elekezo lilelile. Wao wazima, lakini kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kupata mbovu zote mbili. Ndivyo selimundu inavyorithiwa, na magonjwa mengi ya kinga pia.

Njia ya pili ni ile ya dada yangu wa Ujiji. Kuna maelekezo ambayo mwanamke anayo nakala mbili lakini mwanamume anayo moja tu, aliyopewa na mama yake. Mama akiwa na moja nzuri na moja mbovu, yeye haumwi. Binti yake haumwi, ingawa anaweza kuwa ameibeba. Lakini mvulana akiangukiwa na ile mbovu hana ya kubadilisha. Kila mvulana ana nafasi nusu kwa nusu. Ndiyo maana kuna familia ambazo wasichana wanakua na wavulana wanazikwa, na watu wanatafuta mchawi.

Njia ya tatu, kosa linatokea jipya kabisa kwa mtoto. Baba hana, mama hana. Ni qadari tu.

Miezi sita ile ya kunawiri nayo ina maelezo. Mtoto huzaliwa na kingamwili alizopewa na mama yake tumboni. Zikimalizika, mwili wake unatakiwa utengeneze zake, na huyu hawezi. Kwa hiyo mama anayesingiziwa kuwaua wanawe ndiye aliyekuwa akiwalinda miezi yote ile.

Kusoma vinasaba, basi, ni kuichukua paterni hiyo na kuisoma herufi kwa herufi, kisha kuilinganisha na paterni iliyo sahihi mpaka lionekane kosa lilipo. Zamani daktari alibahatisha jeni moja moja. Siku hizi mashine inasoma mamia kwa mara moja, na wataalamu wanajua jeni zaidi ya 400 ambazo kosa lake linaleta udhaifu wa kinga wa kuzaliwa.

Ugonjwa huu una miaka mingi kujulikana

Msidhani haya ni maneno ya jana. Mwaka 1952 daktari wa jeshi la Marekani, Ogden Bruton, alieleza habari za mvulana wa miaka 8 aliyeugua nimonia tena na tena. Alipopima damu yake akakuta kingamwili hazipo kabisa, akaanza kumchoma kingamwili zilizotolewa kwenye damu ya watu wengine, na mtoto akapata nafuu. Ugonjwa huo bado unaitwa kwa jina la Bruton. Jeni yenyewe yenye kosa ilipatikana mwaka 1993.

Kuna aina nyingine kali zaidi, ambapo askari wa mwili karibu wote hawapo. David Vetter wa Texas alizaliwa nao mwaka 1971. Kaka yake alikuwa amekufa akiwa na miezi michache, kwa hiyo madaktari walijua mapema, wakamweka kwenye chumba cha plastiki kisichopitisha vijidudu tangu dakika za kwanza. Aliishi humo karibu maisha yake yote, akafariki mwaka 1984 akiwa na miaka 12. Nikimfikiria mama yule, ambaye kwa miaka mingi aliweza kumgusa mwanawe kwa glavu tu, nalia.

Lakini mambo yamebadilika. Leo watoto wa namna ile hupandikizwa uboho wa mtu mwingine. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2014 ulionesha kwamba waliopandikizwa kabla ya kufikisha miezi mitatu na nusu, zaidi ya 9 kati ya 10 walikuwa hai miaka mitano baadaye. Kuanzia mwaka 2008 majimbo ya kule yalianza kupima kila mtoto mchanga, na kufikia mwisho wa 2018 majimbo yote 50 yalikuwa yanapima. Kwetu hakuna kipimo hicho kwa kila mtoto. Kipimo chetu cha kwanza ni kumbukumbu ya bibi. Na bibi amefundishwa kunyamaza.

Jibu likageuka fimbo

Sasa nirudi kwa dada yangu, maana hapa ndipo penye maoni yangu.

Alifikiri akirudi na majibu ya vinasaba atasafishika. Karatasi inasema hakuna jini wala mkosi, ni herufi moja tu iliyokosewa. Aliifunga kwenye kanga akaenda nayo kwa mume. Mume akasomewa, akauliza, "Limetoka kwa nani?" Akaambiwa, kwa mama. Akasema, "Basi si tulisema? Kumbe kweli ni wewe."

Aliponisimulia maneno haya nilikuwa nimeshika mkasi, nikauweka chini.

Wapo watakaosema, unaona, bora asingepima. Uchawi angalau una mganga, hili halina. Mimi nasema hapana, na nina sababu.

Mwanamke anayetuhumiwa uchawi hana pa kujitetea. Kila mtoto akiumwa ni ushahidi mpya. Mwenye jibu la vinasaba ana ukweli wenye mipaka. Unasema ni wavulana, si wasichana. Unasema ni nusu kwa nusu, si wote. Unasema mtoto huyu aliye hai anahitaji kitu gani ili aendelee kuwa hai. Na unasema kwamba hakuna aliyechagua. Yeye aliipata kwa mama yake, na mama yake kwa aliyemtangulia, kama tunavyorithi vidole na sauti. Kama ni dhambi kubeba kosa usilolijua, basi hakuna mtu msafi duniani, kwa sababu wataalamu wanasema kila mmoja wetu amebeba nakala mbovu kadhaa. Mume yule naye amebeba zake. Bahati yake hazijakutana na za mke.

Kwa hiyo ubaya haukuwa kwenye kipimo. Ubaya ulikuwa kwenye namna majibu yalivyopokelewa. Daktari alitoa karatasi, hakuna aliyekaa na mume na mama mkwe akawaeleza maana yake. Kwa maoni yangu, jibu la vinasaba lisitolewe kwa mama peke yake akaenda kujieleza nyumbani kama mshitakiwa. Waitwe wote wawili, waelezwe pamoja, na ikibidi awepo imamu wao. Wengi wetu huku tunamsikiliza imamu kabla ya daktari, na sioni aibu kulisema hilo.

Na kina kaka wanaosoma hapa kwa kujificha, najua mpo: kipimo hiki kinatafuta kosa kwenye paterni, hakitafuti mwanamke wa kumwacha. Ni kweli baba na mama wakitoa damu pamoja huweza kujulikana pia kama mtoto ni wa baba yule. Ndiyo maana kabla ya kutoa damu ni haki yenu kuuliza nini kitaelezwa na nani ataambiwa. Huku Bara vipimo vya vinasaba vya binadamu vina sheria yake tangu mwaka 2009. Si jambo la kufanyiana kwa siri.

Mdogo wake anaolewa

Mwezi uliopita mdogo wake alikuja kutoka Ujiji. Ameposwa, mahari imekubaliwa, na gauni nashona mimi. Naye anaweza kuwa amebeba ile nakala. Nusu kwa nusu, kama dada yake.

Familia ikakaa, ikaamua: kimya mpaka nikahi ipite. "Utamvunjia mdogo wako ndoa." Dada akaja dukani na macho mekundu, akaniuliza, "Da fundi, wewe ungefanyaje?"

Mimi si mwanachuoni, na hukumu za dini mkamwulize sheikh wenu. Lakini ni mfanyabiashara Muislamu, na jambo moja nimefundishwa tangu chuoni: Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono kwenye lundo la nafaka akakuta chini kumelowa, akamkemea muuzaji kwa kuficha. Nikiuza jora la kitambaa lenye tundu, nalionesha tundu kwanza. Mwanamke si kitambaa, astaghfirullah, na siwafananishi. Lakini ndoa ni mkataba mkubwa kuliko mauzo yote niliyowahi kufanya, na mkataba hauanzi kwa kufichana jambo linalohusu uhai wa watoto wa wote wawili.

Wengine watasema kupima na kuuliza ni kukosa tawakkul. Hao hao wanajua kwamba bedui aliambiwa amfunge ngamia wake kwanza kisha amtegemee Allah. Kuuliza ni ile kamba ya ngamia.

Nilimwambia, sema. Lakini sema vizuri. Usimwambie jirani, usimwambie shangazi mwenye mdomo. Aambiwe mchumba na walii wake, mbele ya mtu mwenye elimu. Na wasiambiwe "kwetu wavulana hufa." Waambiwe lilivyo: huenda amebeba, huenda hakubeba. Kosa likishajulikana kwa mtoto, kulipima kwa mama mdogo ni rahisi zaidi, kwa sababu maabara inajua herufi gani ya kutazama. Akikutwa hana, limekwisha, na wanawe hawatapata. Akikutwa nalo, ndoa haijaharamika. Wataoana wakijua kwamba mvulana akizaliwa apimwe mapema, kabla masikio hayajatoa usaha.

Sikumficha kwamba mchumba anaweza kuondoka. Saudi Arabia wamefanya kipimo cha selimundu na thalasemia kuwa lazima kabla ya ndoa tangu mwaka 2004. Majibu hayamkatazi mtu kuoa. Mwaka ule wa kwanza, katika kila wachumba 100 walioonekana wana hatari, hata 10 hawakufika walioacha kuoana. Kufikia mwaka 2009 walioacha walikuwa zaidi ya nusu. Kuna waliolia. Lakini soma upande wa pili pia: karibu nusu waliendelea, wakajua wanaingia wapi. Mume aliyeingia akijua si sawa na aliyegundua makaburini.

Wenzetu wa Ghuba wanaendelea. Falme za Kiarabu tangu Januari 2025 zimeweka kipimo cha vinasaba kwa raia wake wote wanaotaka kuoana, kinachosoma jeni 570. Oman nayo imefanya vipimo vya kabla ya ndoa kuwa lazima kwa raia wake kuanzia Januari 2026. Ninyi mlio na ndugu Maskati na mnaoposwa kutoka huko, haya yatawafikia kabla hayajanifikia mimi wa Rwamgasa. Yasiwakute mnashangaa.

Na ndoa za binamu, je?

Najua mtauliza. Kumuoa binamu ni halali, na sitasema kinyume. Lakini halali si wajibu. Watoto wa ndugu hurithi paterni kutoka kwa babu na bibi mmoja, kwa hiyo ni rahisi zaidi wote wawili kuwa na kosa lilelile. Mji wa Bradford, Uingereza, kwenye Waislamu wengi wenye asili ya Pakistani, watoto zaidi ya 11,000 walifuatiliwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2013: kasoro za kuzaliwa zilikuwa kama 3 kwa 100 kwa wazazi wasio ndugu, na kama 6 kwa 100 kwa mabinamu. Maana yake watoto 94 kati ya 100 hawakuwa na kasoro. Kwa hiyo tusitishane. Lakini kama kwenye ukoo wenu kuna watoto waliokuwa wakiugua ugua na kufa, na unaolewa ndani ya ukoo huohuo, hilo ndilo swali la kuulizwa kabla ya hina.

Tuanze na kilicho mkononi

Sitaki mtu afunge duka akimbilie kusoma vinasaba. Paterni ya kwanza ya binadamu ilipokamilishwa mwaka 2003 ilikuwa imechukua miaka 13 na dola karibu bilioni 3. Siku hizi mtu mmoja anaweza kusomwa kwa chini ya dola 1,000, lakini kwa mama anayeosha mchanga mwaloni hiyo bado ni zaidi ya milioni mbili za Kitanzania. Na si kila anayesomwa hupata jibu. Paterni nyingi zilizosomwa duniani ni za watu wa asili ya Ulaya, kwa hiyo ya Mwafrika ikisomwa wakati mwingine wanakuta herufi ngeni wasijue ni kosa au ni kawaida yetu. Hilo nalo ni deni la watafiti kwetu.

Pia watoto wengi wanaougua huku hawana ugonjwa huu. Wana malaria, wana utapiamlo, wana kifua kikuu, wana Ukimwi. Vipimo hivyo vitangulie. Daktari atafikiria kinga ya kuzaliwa akiona nimonia mara mbili au zaidi ndani ya mwaka, masikio yasiyopona, majipu makubwa yanayorudi, utandu mweupe mdomoni usioisha, mtoto haongezeki uzito, au antibaiotiki za miezi miwili hazijasaidia kitu. Na zaidi ya yote, akisikia kwamba kuna waliotangulia kufa hivyo kwenye ukoo. Ukiwa na historia hiyo, mwambie mkunga na daktari mapema, kabla ya chanjo zile zenye vijidudu hai, wao ndio waamue. Msinielewe vibaya: karibu watoto wote chanjo ni kinga yao, wapelekeni. Nazungumzia familia yenye historia hii tu.

Kwa mabibi harusi wote, anzeni na selimundu, siko seli kama wengine wanavyoiita. Inakadiriwa watoto kama 11,000 huzaliwa nayo Tanzania kila mwaka. Watafiti wa Bugando, Mwanza, walipima matone ya damu ya watoto wachanga wa mikoa yetu hii ya kaskazini magharibi, wakatoa matokeo mwaka 2020: mtoto 1 kati ya 5 amebeba nakala moja. Moja kati ya tano! Kipimo chake ni cha damu, hakihitaji kusoma vinasaba, na si lazima kivuke mipaka. Tukizoea hicho, siku kile kikubwa kikifika hatutakiogopa. Hata kupandikiza uboho kumeanza kwetu: Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwafanyia watoto wa selimundu mwaka 2023.

Na kabla ya kipimo chochote, kaa na mama yako na bibi yako jioni moja, muulize: Je, kuna watoto wa kwetu waliokufa wadogo? Walikuwa wavulana au wasichana? Waliumwa nini? Mwambie na mchumba awaulize wa kwao. Swali hilo ni bure.

Mvulana wa nne yuko hai, alhamdulillah. Anatakiwa awekewe kingamwili mshipani kila wiki tatu au nne, maisha yake yote, na dawa hiyo ni ghali na haipatikani kila mara. Mwezi ikikosekana, kifua kinaanza. Mama yake sasa anaosha mchanga siku sita kwa wiki. Kujua jina la ugonjwa hakukumletea dawa, lakini kumemwonesha dawa gani aitafute.

Mdogo wake amesema. Alimwambia mchumba mbele ya mjomba na imamu. Mama wa kijana ameondoka amekasirika, kijana ameomba muda, na bi harusi kwa wiki nzima hakunisalimia, akijua ni mimi niliyemshauri dada yake. Juzi alikuja akajaribu gauni, akasimama mbele ya kioo, akasema, "Bora anijibu sasa kuliko aje anijibu nikiwa na maiti mkononi."

Jibu halijaja. Gauni limebaki pindo tu. Muombeeni dua, na Allah awape mabibi harusi wote waume wanaosikia ukweli wakabaki.

Wassalaam alaykum.